Kinyozi Asiyepingwa

Mume wangu Bramwel Wakoli ananyoa watu sokoni Kitale, huu ni mwaka wa thelathini na moja, na katika miaka hiyo yote hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kumpinga. Yeye anadhani ni hekima yake. Mimi nasema, jamani, mtu ana wembe shingoni, atapinga kwa mdomo gani?

Na si wembe wa dukani, ule wa kutumia na kutupa. Ni wembe wa kukunja, wenye mpini wa pembe, aliununua kwa mchuuzi mmoja wa Lwakhakha kabla hatujajuana. Nilipoolewa kutoka kwetu Kibabii niliukuta nyumbani, na tangu siku hiyo mimi ndiye mke wa pili.

Kila asubuhi kabla ya chai anaushughulikia. Ana mkanda wa ngozi ya ng'ombe wa Kapsokwony, upande mmoja umeshonewa turubai, umening'inia kwa msumari mlangoni pa kibanda. Anaushika ncha kwa mkono wa kushoto, usilegee wala usikazwe kupita kiasi. Analaza wembe bapa, mgongo unatangulia, makali yanafuata, anavuta. Akifika mwisho anaugeuza kwa mgongo wake, makali yasiguse kitu, anarudi. Mara ishirini upande wa turubai, mara hamsini upande wa ngozi. Ukitanguliza makali umekata mkanda na umeharibu wembe, yote kwa mpigo mmoja. Ukikandamiza, makali yanakufa. Kinoo anakitumia mara moja kwa miezi miwili, kwa maji, polepole, kwa sababu jiwe linakula chuma. Kati ya mteja na mteja anauosha, anaupangusa kwa spiriti, anaukausha. Jioni anaupaka tone la mafuta ya cherehani, maana ukungu wa Kitale na kutu ni ndugu. Haya yote nayajua kwa kuwa nimeyasikia tangu niolewe, na sikumbuki siku aliyoniuliza mgongo wangu mimi umeamkaje.

Makali anayajaribia kwa mkono wake wa kushoto. Mkono huo hauna unywele hata mmoja.

Nakubali, kazi yake ni safi. Mtu anatoka pale kidevu laini, hana kipele. Vinyozi wa mashine walipojaa sokoni, watu walimwambia Wakoli, mwenzako akinyolewa zako tia maji, nunua mashine. Akasema mashine inapunguza ndevu, wembe ndio unanyoa. Hapo alikuwa na haki, ingawa sikumwambia.

Shida ni mdomo. Akishampaka mtu povu, akamlaza kichwa nyuma na kuvuta ngozi ya shavu kwa kidole gumba, hotuba inaanza. Bei ya mahindi, makosa ya wahubiri, jinsi ya kulea watoto, hata yale ya uzazi asiyoyajua. Kila hoja anaifunga kwa "Si ni kweli?" Na mteja, wembe uko juu ya koromeo, anasema "Mmh."

Siku moja Kabiru, yule anayeuza mbolea, alikuja kwa meza yangu ya mboga kidevu kikimeta, amenuna.

"Mama Nasike, ati mzee wako ameniambia mbolea ni ujinga, samadi inatosha."

"Nawe ukasema nini?"

"Nikasema mmh. Ungekuwa wewe, bana?"

Ningekuwa mimi ningebishana. Lakini mimi sina ndevu, Mungu asifiwe, ndiyo maana nimempinga tangu arusi.

Basi mwaka huu mwenyekiti wa chama chetu cha wafanyabiashara wa soko alizeeka akaenda kukaa kwa mtoto wake. Kiti kikabaki wazi. Wacuka wa vitunguu akasema anakitaka, na kwamba atawasumbua watu wa kaunti mpaka paa la upande wa mboga lizibwe. Wiki hiyo hiyo Wakoli akaja nyumbani kifua mbele.

"Mama Nasike, watu wananitaka."

"Nani amekwambia?"

"Wote. Nimeuliza mmoja mmoja."

"Umewauliza wakiwa wapi?"

"Kwa kiti."

"Na wembe ulikuwa wapi?"

Akanitazama akinionea huruma. "Si mkononi? Mimi ni kinyozi."

Nikamwambia waziwazi: "Baba Nasike, hao hawakukubali. Hao walikuwa wanachunga koo zao."

Akanijibu kwamba nabii hakosi heshima ila nyumbani mwake, akaenda kutafuta koti lake la arusi. Kuanzia hapo hakushikika. Aliahidi nidhamu. Aliahidi kwamba chini yake kila kitu sokoni kitafanywa kwa subira, kama vile kunoa wembe, tena akaeleza upya habari ya mgongo kutangulia. Paa hakulitaja. Watu wakasema mmh, naye akirudi nyumbani ananisomea majina yao, amefika mia na kumi.

Jina langu halikuwemo. Alizunguka soko zima akiomba kura, kwangu hakufika. Na mimi ni mwanachama, nina kadi, sukuma wiki yangu imenyeshewa chini ya bati lile misimu mitatu. Iliniuma, sitadanganya.

Siku ya uchaguzi ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, kwa mlolongo. Wagombea wanasimama mbele wakitazama meza ya katibu, kila mwanachama anajipanga nyuma ya amtakaye. Wakoli alikuwa amesema mtu mzima hageuki nyuma kuhesabu watu wake. Akasimama wima, macho kwa katibu, koti limembana mabegani, midomo inatikisika kidogo. Nadhani alikuwa anarudia maneno ya shukrani.

Watu wakapita nyuma ya mgongo wake kimyakimya, wakaenda kwa Wacuka. Videvu laini vyote, kazi ya mikono yake mwenyewe. Kabiru alikuwa amenyolewa asubuhi ile ile, ana povu limemkaukia sikioni, na bado alipita.

Mimi nilibaki katikati na kikapu changu. Nikautazama mgongo wa mume wangu. Nikalitazama paa. Kisha nikaenda kwa Wacuka, nikasimama nyuma ya mama mmoja mnene wa ndizi. Haya, nimesema.

Katibu alihesabu mara mbili, kwa heshima. Wacuka, mia na arobaini na mmoja. Wakoli, watatu. Wa kwanza alikuwa mtu wa mitumba aliyetaka mstari mfupi arudi kwa viatu vyake. Wa pili alikuwa mzee ambaye ndevu zake zinafika kifuani. Wa tatu alikuwa na ugomvi wa kifamilia na Wacuka. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukalia kile kiti.

Wakoli hakugeuka. Alimpa Wacuka mkono, akampongeza vizuri, akatembea moja kwa moja mpaka kibandani. Watu wakaanza kucheka alipokwisha ingia. Mimi nilikuwa na kicheko changu tayari, na maneno ya kumwambia nilikuwa nayo ya mwaka mzima. Nikatafuta chupa ya chai badala yake.

Nilimkuta anapitisha wembe kwenye mkanda. Hapakuwa na mteja. Sijui alikuwa amefika mara ya ngapi, hamsini ilishapita zamani, na ule wembe haukuhitaji.

"Watatu," akasema.

"Nimesikia."

"Nisingepata hata mmoja, Mama Nasike, leo ningefunga hiki kibanda. Ningerudi kwetu Bungoma nikalime, nisionane na mtu. Nimesimama pale nikajiambia hivyo, kabla katibu hajafungua mdomo."

Nilimimina chai.

"Wawili siwajui na sitauliza," akaendelea. "Mmoja namjua." Akasimamisha mkono, akaukunja wembe, akauweka chini. Macho yake yalikuwa mekundu. "Sikukuomba kura kwa sababu wewe si mtu wa kuombwa. Soko zima limenidanganya. Wewe peke yako ndiye huniambia ukweli. Ulikuwa nyuma yangu pale, si ndiyo?"

Nikamwambia ndiyo.