Ukurasa Niliobandika Langoni

Duka langu la Chaka liliponishinda, wakili wa Nyeri aliniambia niko na njia mbili: nikubaliane na wanaonidai niwalipe pole pole, au niombe korti initangaze muflisi. Walikataa kungoja, nikaenda kortini. Ndugu za marehemu mume wangu walitaka niuze shamba kimya kimya nilipe madeni, ati jina la familia lisitoke gazetini. Kwani jina lilikuwa linalisha watoto wangu? Korti iliponitangaza muflisi na tangazo likatoka gazetini, niliukata ukurasa huo nikaubandika langoni. Dalali aliyetumwa na wanaonidai akaja na pikapu kuchukua ng'ombe wangu, akausoma, akajua sasa madeni yote lazima yapitie kortini. Akarudi mikono mitupu.

“Shemeji, huoni aibu?” akaniuliza ndugu yao mkubwa.

“Sogea kando,” nikamwambia. “Unawazuia watu kusoma.”