Mti wa Kahawa wa Mzee Kaijage

Tangu Clavery wa Kaagya aingie chuo hapo Bukoba mjini, hakuwahi kukosa jibu. Ukimuuliza bei ya ndizi, na soko liko hapo nyuma ya hosteli, anatoa simu. Mtandao ukikata, siku hiyo ndizi hazina bei.

Sasa kulikuwa na Gaudiosa, binti wa darasani kwao kutoka Kishanda kule Muleba, ambaye Clavery alikuwa anamfukuzia. Siku moja binti akamtambia kwamba kahawa imeanzia kwao Muleba. Mhaya gani atalala na maneno hayo? Clavery akafungua ukurasa mtandaoni, akauita Historia ya Kaagya, akaandika kwamba mtu wa kwanza kupanda kahawa Buhaya nzima ni marehemu babu yake, Mzee Kaijage. Kabla yake watu walikuwa wanakunywa uji. Ukweli ni kwamba Mzee Kaijage alikuwa na kibanja cha ndizi za pombe tu, na kahawa hakutaka hata kuisikia. Gaudiosa akasoma, akaacha kuitaja Muleba. Clavery akatembea mjini kama ziwa ni la baba yake.

Mwaka uliofuata mwalimu wao, Madam Klaudia, akatoa asaimenti: kahawa ya kwetu ilianzaje? Darasa zima likainamia simu. Siku ya kuwasilisha, kundi la kwanza likasimama: Mzee Kaijage wa Kaagya. La pili: Mzee Kaijage. La tatu wakaongeza kwamba alikuwa na kipara.

Madam akafurahi mpaka akavua miwani. "Ijumaa tunakwenda Kaagya. Tuuone mti wake."

Clavery akapiga hesabu. Chuo kizima kikamkute muongo, mbele ya Gaudiosa? Bora ajisemee mwenyewe.

"Madam, huyo mzee ni babu yangu. Hajawahi kupanda kahawa."

"Chanzo chako ni kipi?"

"Mimi. Ule ukurasa niliandika mimi."

Darasa likacheka mpaka madawati yakasogea. "Waitu, mwenzetu Clavery," Gaudiosa akasema, "sasa hata mtandao ni wa kwenu?"

"Makundi yote yamekubaliana," Madam akasema. "Wewe uko peke yako. Kaa."

Ijumaa wakafika Kaagya. Baba yake mdogo, Mugisha, alikuwa ameusoma ule ukurasa zamani. Mti mmoja wa kahawa, uliopandwa baada ya msiba wa mzee, alikuwa ameuzungushia uzio na kuupaka chokaa. Wanafunzi wakapanga foleni kupiga picha. Clavery akamkimbilia bibi yake, Alistidia, mjane wa mzee mwenyewe.

"Bibi, waambie ukweli."

Bibi akaangalia sukari na sabuni walizoleta wageni. "Ukweli gani, mjukuu wangu? Babu yako alikuwa anaamka alfajiri kuupalilia."

"Bibi, babu alikuwa anaamka saa nne."

"Ulikuwepo wewe?"

Madam akaandika kila neno. Akamgeukia Clavery: "Umesikia? Asaimenti yako utarudia. Na safari hii usome, usibuni."

Njiani kurudi, Gaudiosa alikuwa ameinamia simu. Clavery akachungulia. Binti alikuwa anafungua ukurasa mpya, Historia ya Kishanda, na humo bibi yake Gaudiosa alikuwa ameshapanda kahawa, ameshavuna, na sasa anamgawia Mzee Kaijage mbegu.