Chungu Alichokiacha Sista

Habari ya kifo chake ilinifikia mwezi uliopita, nikiwa kwenye taksi ya kutoka Queensburgh. Sista wetu mfinyanzi, wa ile nyumba ya watawa pale Umbilo, alikuwa amefariki kanisani wakati wa sala ya asubuhi. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua sipendi kuandika kwa machozi. Leo naandika kwa shukrani.

Katika nyumba ile kuna desturi moja ngumu: kengele ya sala ikilia, mtawa huacha alichoshika hapo hapo. Anayeshona huacha sindano katikati ya pindo. Sista aliacha udongo kwenye gurudumu la kufinyangia, mdomo wa chungu haujakamilika, akaenda kusali na tope mikononi. Niliwahi kumwambia, "Sista, maliza kwanza, ni dakika moja tu." Akacheka. "Mzee, hiyo dakika moja ndiyo hasa ninayoombwa."

Jumamosi aliwafundisha watu wazima waliojiandaa kwa ubatizo, Wakongo na Warundi, wengi wao wafanyakazi wa saluni na maduka ya simu. Alikuwamo pia mama mmoja muuza mboga wa soko la Warwick, ambaye vita na safari vilimkosesha ubatizo tangu utotoni. Somo la uumbaji Sista alilianzia Misri ya kale. Aliwasimulia juu ya Khnumu, mungu mwenye kichwa cha kondoo dume, aliyesadikiwa kuwafinyanga binadamu kwenye gurudumu. Na juu ya Ptahu, aliyewaza moyoni, akatamka, vitu vikawapo. Maneno yakamfikia mzee mmoja wa halmashauri ya parokia, ambaye sote tulimwita Papa, yaani baba, mtu mwema lakini mkali kwa ajili ya imani. Akaingia ukumbini somo likiendelea.

"Sista, hapa iko kanisa ama iko musée ya vitu vya kale? Nitaomba Padri afunge hii darasa. Pentekoste hawa watu hawabatizwi!"

"Eish, Papa!" mama wa mboga akaruka. "Mimi nimengojea tangu niko mutoto, na wewe unanifungia mlango juu ya kondoo?"

Watu wakacheka. Mama mwenyewe hakucheka, macho yake yalikuwa yamejaa maji.

Sista hakubishana. Alimvutia Papa kiti mbele ya gurudumu alilokuwa amelileta kwa somo, akamwekea udongo, akamwongoza vidole. Chungu kikapanda, kikayumba, kikamwangukia juu ya suruali yake ya Jumapili.

"Papa, hiyo ni chungu ama ni chapati?" mtu akamtania kutoka nyuma.

"Papa," Sista akauliza, "kilipoanguka, moyo ulisikia nini?"

"Iliniuma. Nilikuwa nimeanza kuipenda."

"Basi. Wamisri walitambua kwamba tumefinyangwa. Hawakumjua Mfinyanzi anayeumia chungu kikianguka, hata akashuka mwenyewe kukiokota. Ningewaonyeshaje hili bila kupitia lile?"

Papa alifuta suruali kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Nipe udongo tena." Husemwa udongo uwahi ungali maji; na ule wa Papa, pamoja na mvi zake, ulikuwa bado haujakauka. Siku ya Pentekoste alisimama nyuma ya mama wa mboga, mkono begani mwake, baba yake wa ubatizo.

Sisi tuliokimbia nchi zetu huishika imani kwa ngumi, kama mtu anayeogopa kuibiwa. Sista aliishika kwa kiganja kilichofunguka, na sikuona hata siku moja ikimdondoka.

Asubuhi ile ya mwisho, kengele ilipolia, alikuwa kwenye gurudumu. Akaacha chungu bila mdomo, akaenda, hakurudi. Watawa walikifunika kwa kitambaa chenye maji kisikauke, na Papa akaomba akimalizie. Jumamosi iliyopita, kwenye misa ya arobaini, chungu hicho, kikiwa kimeshachomwa, ndicho kilichobeba maji ya baraka.

"Papa, mudomo iko upande," mama wa mboga akanong'ona, sote tukasikia.

"Lakini haivuji, binti yangu."

Padri akatunyunyizia maji yale, na vigelegele vikatoka hadi barabarani. Nami, mzee ninayeingoja kengele yangu, siombi tena kumaliza kila kitu. Naomba inikute na udongo mikononi.