Vidonge Ndani ya Chai ya Mama

Mama alikuwa akitembea kwa kushikilia kuta. Kila asubuhi magoti yake yalikuwa yamevimba, na ukiyagusa yana joto. Ndipo rafiki yake wa kanisani, aliyekuwa akiuza dawa za miti shamba hapa Kitengela, akamletea unga wa majani wa kuchemsha kama chai.

"Huu unatoa uvimbe na kusafisha mwili," alimwambia.

Wiki haikuisha kabla Mama hajaenda sokoni peke yake. Nilisoma kwenye simu kwamba mimea mingi hutuliza uvimbe, nikawa naisifu chai hiyo hata kazini.

Miezi ikapita. Uso wa Mama ukawa wa mviringo, mashavu yakajaa. Tukasema amenona kwa sababu maumivu yameisha. Kisha ngozi ya mikono ikaanza kuchubuka kwa kuguswa tu, nikampeleka hospitali.

Daktari alimtazama kabla hajaketi. "Mama, unatumia dawa gani?"

"Hakuna. Chai ya majani tu."

Alipompima, sukari ilikuwa juu. Akanigeukia. "Nashuku huo unga umechanganywa na kitu. Nenda uulize. Lakini asiache kuunywa ghafla; mwili umeshauzoea, anaweza kuzimia asiamke."

Nilienda moja kwa moja kwa yule rafiki. Nilimkuta jikoni, blenda iko mezani, majani makavu kwenye sinia. Mbele ya macho yangu akachota vidonge vyeupe kutoka kwenye mkebe, akavitia ndani ya majani. Hakuficha.

"Hivyo ni vya nini?" nilimuuliza.

"Ni vya kusaidia majani yafanye kazi haraka. Aliyeniuzia alisema havina shida. Hata mimi nakunywa."

Nikamwangalia vizuri. Alikuwa na uso uleule wa Mama, wa mviringo, mashavu yamejaa. Hasira niliyokuja nayo ikanikauka mdomoni.

Nilirudi naye hospitali, amebeba mkebe wake. Daktari alisema vile vidonge vilikuwa steroidi, dawa kali ya kuzima uvimbe, ambayo ikinywewa ovyo hujaza uso, hudhoofisha ngozi na kupandisha sukari. Yeye na Mama walipunguziwa dozi kidogo kidogo. Yule rafiki aliacha kuuza unga, akawazungukia wateja wake kuwaonya, akilia.

Magoti ya Mama yalivimba tena. Nilipomweleza yote, nilitarajia amlaani rafiki yake. Aliyapapasa magoti yake.

"Kwa hivyo majani yenyewe hayakuwa yanafanya kitu?"