Balbina Aliyenyoosha Atomu

Balbina hakuzaliwa mpole, na miezi sita ya kutafuta pengo lisiloonekana ilimmalizia hata ule upole wa kuazima. Alhamisi hiyo, saa kumi na mbili asubuhi, alifungua kompyuta mezani nyumbani kwa mama yake, kule Lipangalala, akaona kwenye picha ya hesabu yake mikanda miwili ya nishati imegusana vilevile kama jana na juzi. Akasonya mpaka kuku wa jirani wakanyanyua vichwa.

"Hamna kitu! Tena hamna!"

Tusimlaumu, jamani. Shahada yake ya uzamili ilihusu fuwele ya ajabu, si metali kamili, wala huwezi kusema si metali. Ndani yake mikanda ya nishati ya elektroni hugusana kwenye nukta chache tu. Ukiipoza sana, elektroni hujipanga kwa mawimbi, hapa nyingi, pale chache, na palepale mikanda ilipogusana hufunguka pengo. Maabara moja ya nje ilishalipima pengo hilo. Hesabu ya Balbina ndiyo iliyokataa kulionyesha. Na msimamizi wake, Dkt. Remigius, alishasema bila kupepesa macho: pengo lipatikane kabla ya Ijumaa saa sita mchana, la sivyo nafasi ya uhadhiri msaidizi apewe mwingine. Ijumaa yenyewe ndiyo kesho!

"We Balbina! Hiyo kompyuta ndiyo itakayopandikiza mpunga?" Mama yake, Paskazia, alikuwa amesimama mlangoni na kamba begani.

Kwa Paskazia, mpunga hupandwa kwa kamba yenye mafundo. Fundo moja, shina moja, na mche ukikaa pembeni unang'olewa papo hapo na kurudishwa penye fundo. Balbina alifundishwa hivyo kabla hajajua kusoma, kwa kuchapwa vidole. Mpaka leo hawezi kuona kitu kimekaa upande akakiacha.

Basi akamfuata mama yake shambani, akapanda mpunga kwa hasira, matope mpaka magotini, akijisemea hovyo. Maji yamemfika shingoni, halafu bado anaambiwa ainame! Walipofika jaruba walilolipanda wiki iliyopita, akasimama ghafla. Mistari ilikuwa imevurugika. Miche miwili imesogeleana, wa tatu umebaki peke yake, halafu tena miwili na mmoja, hivyo hivyo mpaka kwenye tuta la mwisho.

"Nani kafanya huu upuuzi?"

"Makoye wa hapo jirani alipitisha pawatila yake, kile kitrekta cha mkono, siku ile tulipopanda. Ikasukuma mawimbi huku kwetu," alisema mama yake.

Balbina akainama, akashika mche wa kwanza auvute. Paskazia akapiga ukelele.

"Acha! Umeshashika mizizi huo! Maji yameuweka hapo, basi hapo ndipo pake. Ukiunyoosha leo unauua."

Mkono wa Balbina ukabaki ndani ya maji. Alikuwa ameikumbuka siku ya kwanza kabisa ya kazi yake, akinakili jedwali la wale wenye maabara: mahali ilipo kila atomu kwenye fuwele iliyopozwa. Atomu mbili zilikaa karibukaribu, ya tatu mbali, na hivyo hivyo mpaka chini. Alisonya pia siku ile. Aliona wapimaji ni wazembe, akazipanga zote kwa nafasi sawa, halafu akasahau. Akatoka mbio kwenye matuta, matope yote mwilini, akaenda kumpigia simu msimamizi wake.

"Shikamoo, Daktari. Zile nafasi za atomu... nilizinyoosha."

"Marahaba. Ulizinyoosha vipi?"

"Zilikuwa zimepinda. Nikazisawazisha."

"Balbina, kule kusogea kwa atomu ndiyo alama ya wimbi lenyewe. Umelifuta wimbi, halafu miezi sita unatafuta pengo lake?"

"Nikiirudia hesabu inachukua siku nne, Daktari."

"Na mimi nina siku moja. Pole sana."

Alirudisha namba za maabara zikiwa zimepinda vilevile, akaiwasha hesabu, akalia kwa uchungu mbele ya mama yake bila kuona haya. Ijumaa saa sita ilifika, ikapita, na nafasi ikaenda kwa mwingine.

Jumatatu jioni picha ilikamilika. Mikanda haikugusana tena. Katikati yake palikuwa na uwazi mwembamba, mweupe. Paskazia aliinamia kioo huku akifuta mikono kwenye kanga.

"Ndicho hiki ulichokuwa ukikililia?"

"Ndicho, mama."

"Kumbe kipo!"

"Kilikuwepo tangu siku ya kwanza," Balbina alisema. "Mimi ndiye niliyeking'oa."

Paskazia alivitazama vile vidole alivyokuwa akivichapa zamani.