Mfupa Uliposhuka

Meno yangu ya mbele ya chini yalikuwa yakicheza, ndipo binti yangu Rehema akanipeleka Hola kupigwa eksirei. Yeye alingoja nje. Daktari alipima mfupa kwenye picha, akasema, "Mzee, mfupa unaoshika meno umeshuka sana. Rudi Jumatatu tuanze matibabu. Umeelewa?"

"Nimeelewa," nikajibu. Nilifika kidato cha nne, nikaona haya kuuliza. Kwetu Idsowe mto ukishuka baada ya mafuriko tunashukuru, tunapanda mpunga. Basi nami nikashukuru, nikaona hakuna tena haja ya matibabu.

"Amesemaje, baba?" Rehema akauliza.

"Umeshuka, mama. Mambo mazuri, twende nyumbani."

Jumatatu nilikwenda shambani.

Miezi ikapita. Jumapili iliyopita nilikuwa nikisoma somo kanisani. Jino likaanguka juu ya Biblia, na la pili likalifuata. Watoto walicheka. Rehema alikuja mbele, akayaokota kwa leso yake, na kesho yake akanirudisha Hola.

"Nilimwambia mfupa umeshuka," daktari akamweleza Rehema. "Meno yangeweza kuokolewa. Alisema ameelewa."

Rehema hakunigombeza. Aliikunja ile leso polepole.

"Baba, si nilikuwa hapo mlangoni tu? Kwa nini hukuniita?"