Muuguzi Aliyekalia Mikono Yake

Jumatano nilimsindikiza mdogo wangu kumchanjisha mtoto wake kwenye zahanati moja huko Itiryo, nikakuta kliniki imesimama. Muuguzi mfawidhi alikuwa anahama mchana huohuo, na mgeni aliyekuja kumpokea alikuwa amepiga magoti mbele ya friji la gesi, lililozimwa makusudi ili aliwashe mwenyewe. Likimshinda akiwa peke yake, chanjo za watoto wetu zitaharibika.

“Dada, si uniandikie tu hatua?” mgeni aliomba.

“Hata mimi niliandikiwa. Wiki ya kwanza nikamwaga chanjo zote. Washa.”

Mgeni akabonyeza kitufe cha kuwashia. Moto ukawaka, alipokiachia ukazima. Ukawaka tena, ukazima. Nikamwona mfawidhi mikono ikimwasha kutaka kusaidia. Akaiingiza chini ya mapaja, akaikalia.

“Mwoneshe basi, sista, tumechoka!” mama mmoja akafoka kutoka kwenye benchi.

“Nikimwonesha ataona, mama. Mimi nataka aweze.” Akamgeukia mgeni. “Kabla haujazima umesikia nini?”

“Kama... moto umekohoa.”

“Ehee! Ukikohoa, hicho kitufe usikiachie.”

Safari hii hakukiachia. Moto ukatulia, wa bluu, na benchi zima likapiga makofi. Nje, pikipiki ya kumpeleka mfawidhi stendi ikapiga honi.

“Zima,” akasema, bado amekalia mikono. “Rudia.”

Chuoni nilisoma muhula mzima namna ya kurithishana ujuzi kazini, kwa michoro iliyojaa mishale. Hakuna mshale hata mmoja ulioniambia nikalie mikono.